Dawa za asidi tumboni: jinsi ya kuzianza, kuzimeza na kuziacha

Nauza dawa Moshi mjini, na haipiti wiki bila mtu kuegemea kaunta na kuniuliza yale yale. Omeprazole inamezwa kabla au baada ya kula? Nimemeza jana, mbona kifua bado kinawaka? Naruhusiwa kuchanganya na dawa zangu nyingine? Natumia tangu mwaka jana, kuna ubaya? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Msimamo wangu nautanguliza. Dawa hizi ni nzuri, na wengi wanaozitumia vizuri hawapati shida. Wanaopata taabu ni wale wanaozimeza bila saa na bila tarehe ya mwisho. Kila kidonge cha asidi unachotoka nacho dukani kiwe na vitu viwili: saa ya kukimeza na siku ya kukiacha. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili uweze kulinganisha na uliyonayo mkononi.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Boksi la dawa lenyewe, au walau karatasi yake ya kung'aa yenye jina na tarehe ya kuisha muda. Vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha havikuambii kitu, na omeprazole huharibiwa na unyevu.
- Orodha ya kila unachomeza: za presha, kisukari, ARV, vidonge vya kuongeza damu, za maumivu, na za mitishamba pia. Usimfiche muuza dawa. Hakuulizi ili akuseme.
- Kalenda, ya ukutani au ya simu.
- Majibu ya maswali haya: una ujauzito? Unanyonyesha? Una shida ya figo, moyo au presha? Mgonjwa ni mtoto? Kwa mtoto usinunue chochote bila kuonana na daktari.

Wanaotakiwa kuanzia hospitali

Usianze na kidonge kama unatapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa. Kama choo ni cheusi, kinanata na kunuka kuliko kawaida. Kama chakula kinakwama wakati wa kushuka. Kama unapungua uzito bila kutaka, unatapika mfululizo, au umeambiwa damu yako iko chini. Vivyo hivyo kama umevuka miaka 55 na shida hii hukuwa nayo zamani.

Chakula kukwama nakisisitiza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kanda yetu ya Kaskazini imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambako saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana kwa wingi. Mtu anaanza kukwepa nyama, anahamia mtori, kisha uji, na muda wote huo anameza dawa ya asidi kwa sababu inampa nafuu kidogo. Anapofika hospitali miezi imeshakwenda. Ukiwa Moshi anzia hospitali ya Mawenzi, ukiwa Arusha anzia hospitali ya Mount Meru. Wakiona unahitaji kipimo cha kamera watakuelekeza. Hospitali ya rufaa ya KCMC, hapa Moshi, kipo.

Kuhusu choo cheusi: aliyekula kisusio (supu yenye damu ya mnyama) jana, au anayemeza vidonge vya kuongeza damu, anaweza kuona choo cheusi ingawa havuji damu popote. Lakini usijifariji kwa kisusio. Ukiongezea kizunguzungu, jasho la baridi au moyo kwenda mbio, ondoka nyumbani saa hiyo hiyo.

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na kuishiwa pumzi, usiyaite gesi mpaka moyo upimwe. Na tumbo likikakamaa ghafla kwa maumivu makali, usimeze kitu. Huenda kidonda kimetoboka, na hapo ni suala la upasuaji.

Hatua kwa hatua

1. Jua umeshika dawa ya kundi gani. Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia, kwa sababu mtaani zote huitwa "dawa ya asidi" ilhali hazifanyi kazi namna moja.

Kundi la kwanza ni za kutuliza papo hapo: vidonge vya kutafuna vya magnesium trisilicate na aluminium hydroxide, dawa za maji kama Relcer na Gaviscon, na unga wa Eno. Hizi hupambana na asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Nafuu huja baada ya dakika chache na hukaa saa moja hadi tatu. Za kutafuna zitafune kweli, usizimeze nzima. Chupa itikise kwanza. Zenye magnesium huweza kuharisha, zenye aluminium huweza kufunga choo, ndiyo maana watengenezaji wengi huzichanganya. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila daktari. Mwenye presha au moyo aiache Eno, maana ndani yake kuna sodiamu nyingi.

Kundi la pili ni famotidine na cimetidine. Hupunguza asidi inayotengenezwa. Huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na hudumu nusu siku. Zinamfaa anayesumbuliwa usiku au mara moja moja, kwani ukizimeza kila siku mwili huzizoea ndani ya wiki moja au mbili na nguvu yake hupungua. Cimetidine inagombana na dawa nyingi, zikiwamo warfarin ya kuzuia damu kuganda na phenytoin ya kifafa, kwa hiyo mimi nikiwa na famotidine huwa siigusi. Na kama kabatini bado una ranitidine ya zamani, usiitumie. Marekani iliagiza iondolewe sokoni Aprili 2020 baada ya kuonekana kwamba ndani yake huweza kujengeka kemikali iitwayo NDMA, inayohofiwa kusababisha saratani.

Kundi la tatu utalitambua kwa mwisho wa jina: omeprazole, esomeprazole, lansoprazole, pantoprazole, rabeprazole. Hizi hufunga pampu zenyewe zinazotoa asidi kwenye ukuta wa tumbo. Zina nguvu kuliko makundi mengine, lakini si za papo hapo. Zinahitaji siku moja hadi nne kufikia nguvu kamili. Aliyemeza jana jioni akitegemea kulala vizuri jana hiyo hiyo amechukua dawa sahihi kwa kazi isiyo yake.

Angalizo: usimeze "prazole" mbili kwa pamoja. Hutokea mtu ana omeprazole aliyonunua mwenyewe, kisha hospitali anaandikiwa pantoprazole, naye anameza zote akidhani moja ni ya vidonda na nyingine ya gesi. Ni kazi ile ile mara mbili.

2. Mtafute mchokozi kwanza. Kabla hujafungua boksi, jiulize unameza nini kwa ajili ya maumivu. Diclofenac, ibuprofen, meloxicam na aspirin hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo na huweza kuleta kidonda hata kwa mtu aliyekuwa mzima. Wagumu, yaani wabeba mizigo, na waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro, hili ni lenu. Magoti yanauma wakati wa kushuka, mtu anameza diclofenac tumbo tupu, akifika geti la Mweka analalamika asidi. Kwa maumivu ya kawaida jaribu paracetamol, ambayo haichimbi tumbo. Usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji au mgonjwa wa ini apungue zaidi ya hapo kwa ushauri wa daktari. Kama aspirin uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Mwambie daktari akuongezee kinga ya tumbo.

3. Meza kwa saa yake. Prazole humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Si pamoja na chakula, wala si baada. Sababu yake ni kwamba dawa hii hufunga pampu zinazofanya kazi tu, na kinachoziamsha ni chakula. Dawa ikiwa imeshaingia kwenye damu wakati unaanza kula, inazikuta. Ukimeza ukashinda na njaa, nyingi inazikosa.

Kwa kawaida hiyo ina maana ya asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Lakini tuongee ukweli kuhusu asubuhi zetu. Wengi wanatoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi, na mlo wa kwanza wa maana ni saa sita mchana. Kama ndiyo maisha yako, weka kengele saa tano na nusu, meza, kisha ule saa sita. Ni bora kuliko kumeza saa kumi na mbili asubuhi na kushinda tumbo tupu. Aliyeandikiwa mara mbili kwa siku, ya pili huja kabla ya chakula cha usiku, si wakati wa kwenda kulala. Anayefunga Ramadhani na ana dozi moja kwa siku aamke mapema, ameze kwa maji, asubiri nusu saa ndipo ale daku. Mwenye kidonda kinachouma azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kapsuli imeze nzima, kwa maji. Usiitafune wala kuisaga, kwa sababu chembe zilizomo zimepakwa ngozi ya kuzikinga zisiharibiwe na asidi yenyewe. Kama huwezi kumeza kapsuli ya omeprazole, ifungue, changanya chembe na maji au juisi ya chungwa, unywe ndani ya nusu saa bila kutafuna. Maziwa na soda hapana. Vidonge vigumu vya pantoprazole na rabeprazole havivunjwi kabisa.

Umesahau dozi? Meza ukikumbuka, kabla ya mlo unaofuata. Kama muda wa dozi nyingine umekaribia, ruka. Usimeze mbili kufidia.

4. Zitenganishe na dawa nyingine. Hatua hii watu wengi huiruka, nami nakuomba uisome taratibu.

Dawa za kutuliza papo hapo, zile za kundi la kwanza, hushikana na dawa nyingine tumboni zikazuia zisiingie mwilini. Kanuni ya jumla ni kuacha walau saa mbili kati yake na dawa nyingine yoyote. Lakini kuna zinazodai zaidi.

Anayetumia ARV zenye dolutegravir, na hao ndio wengi sasa, ameze ARV zake saa mbili kabla ya dawa ya kutuliza, au saa sita baada yake. Si jambo dogo: dolutegravir ikizuiwa kila siku, virusi vinapata nafasi. Antibiotiki ya ciprofloxacin nayo ni hivyo hivyo, saa mbili kabla au saa sita baada. Antibiotiki za doxycycline na tetracycline pia hushikwa. Isoniazid ya kifua kikuu imeze walau saa moja kabla. Dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, iachie saa nne.

Prazole haina shida na dolutegravir. Ila anayetumia ARV ya rilpivirine asiiguse prazole kabisa, na mwenye ARV ya atazanavir arudi CTC, kliniki anakochukulia ARV, kuuliza kwanza. Omeprazole na esomeprazole hupunguza nguvu ya clopidogrel, ambayo hupewa waliowahi kupata kiharusi au shida ya moyo. Daktari atakuchagulia nyingine. Anayemeza warfarin apimwe damu akianza na akiacha.

Kwa mama mjamzito: kiungulia ni cha kawaida mimba ikikua, na mara nyingi dawa ya kutafuna inatosha, lakini itaje kliniki. Usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa madini ya chuma hayatanyonywa vizuri. Aina moja asubuhi, nyingine jioni.

5. Andika tarehe ya mwisho. Ukijinunulia mwenyewe, prazole ni siku 14, kidonge kimoja kwa siku, kisha unaacha. Isijirudie kabla ya miezi minne. Daktari akikuandikia, mara nyingi itakuwa wiki 4 hadi 8. Ziandike kwenye kalenda siku ile ile, huku boksi liko mezani. Wapo wanaotakiwa kuendelea kwa muda mrefu, kama aliyewahi kuvuja damu tumboni au anayelazimika kumeza aspirin kila siku. Hao wana daktari anayewafuatilia.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu kumeza miaka mingi kunaambatana na upungufu wa vitamini B12 na magnesium, mifupa kuvunjika kirahisi zaidi, na maambukizi ya kuharisha. Hatari hizi kwa mtu mmoja ni ndogo, na sitaki mwenye kidonda halisi aogope dawa yake. Lakini hakuna sababu ya kuzibeba bure kwa ajili ya kiungulia cha sikukuu.

6. Pima bakteria wa vidonda. Vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu nilizozitaja. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyu. Kama yupo, omeprazole peke yake itakutuliza tu. Anahitaji antibiotiki mbili pamoja na prazole, dozi ambayo kwa kawaida ni ya siku 14, na unaimaliza hata kama nafuu imekuja siku ya tano. Ikiwa ndani yake kuna metronidazole, mbege na pombe zote zikae pembeni mpaka dozi iishe na siku chache baadaye.

Kosa la kawaida hapa ni kwenda kupima choo au pumzi huku unameza omeprazole. Bakteria hufifia, kipimo kinasema hayupo, naye yupo. Acha prazole wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla. Kipimo cha damu hakiathiriki hivyo, lakini huweza kubaki kikisema "yupo" muda mrefu baada ya kupona, kwa hiyo usikitumie kujua kama dozi imefanya kazi. Rudia cha choo au pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza.

7. Acha kwa utaratibu. Dozi ya siku 14 unaiacha tu. Lakini kama umemeza zaidi ya wiki 8, tumbo likiachiwa ghafla huweza kutoa asidi nyingi kuliko mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Denmark uliwapa watu wasio na tatizo lolote la tumbo esomeprazole kwa wiki 8. Walipoacha, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walipata dalili za asidi, kama kiungulia. Ndiyo sababu watu husema "nikiacha tu, ugonjwa unarudi". Mara nyingine ugonjwa haujarudi, ni tumbo linajirekebisha.

Kama ulikuwa na miligramu 40, shuka hadi 20 kwa wiki 2 hadi 4. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili. Kisha acha, na kiungulia kikija tumia dawa ya kutafuna. Vumilia wiki kadhaa kabla ya kusema imeshindikana. Aliyeandikiwa atumie muda mrefu asifanye hivi bila daktari wake.

Chakula na kitanda, kwa kifupi

Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda kwa tofali au kipande cha mbao, sentimita 15 hadi 20, chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani. Kurundika mito hakusaidii, kunakukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Pilipili, kahawa na mafuta mengi yanawasumbua wengine na wengine hayawasumbui, kwa hiyo angalia mwili wako badala ya orodha ya jirani. Chai ipoe kidogo: vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinahesabiwa kuwa huenda vinachangia saratani ya umio, na sisi na chai ya maziwa inayotokota tunajuana.

Na magadi? Wapo wanaoyalamba kwa ajili ya kiungulia. Yanatuliza kweli, lakini ni sodiamu, na magadi ya huku kwetu huwa na floraidi pia, juu ya ile iliyomo kwenye maji ya sehemu nyingi za kuelekea Mlima Meru. Yaache kwenye chungu cha kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage.

Ukikwama

*Siku ya tatu, bado kifua kinawaka.* Angalia saa ya kumeza kwanza. Kama iko sawa, tumia dawa ya kutafuna kwa nafuu ya sasa, huku ukiipa prazole siku zake.

*Siku 14 zimeisha, hakuna tofauti.* Usinunue boksi la pili. Huenda si asidi. Nyongo na moyo huweza kujifanya asidi. Nenda ukapimwe, na boksi mkononi.

*Mchana niko sawa, usiku nateseka.* Anza na muda wa chakula cha usiku na kitanda. Ikishindikana, uliza kuhusu famotidine ya jioni.

*Kichwa kinauma au tumbo linaharisha tangu nianze.* Maumivu madogo ya kichwa mara nyingi huisha yenyewe. Kuharisha sana, kwa maji, siku nyingi au kukiwa na homa, kunahitaji daktari.

*Misuli inakaza, natetemeka, moyo unaruka, na nimetumia muda mrefu.* Magnesium yako huenda imeshuka. Kapime damu, hasa kama unameza pia dawa za kukojoza za presha.

*Vipele mwili mzima, uso umevimba au mkojo umepungua.* Acha dawa, nenda hospitali leo, na ubebe boksi. Waombe pia wajaze fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ikiwa uso au koo vinavimba na pumzi inabana, usisubiri daladala. Tafuta gari lililo karibu.